Nyota nne kwa wachapaji walionirudishia faili mara tatu

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke na chake: nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoitoa nitaeleza huko mbele, na haihusiani kabisa na kurudishiwa faili, maana kwenye hilo wao ndo walikuwa sahihi na mimi ndo nilikuwa mbishi.

Mimi ni mwanafunzi wa grafiki dizaini, mwaka wa mwisho. Mradi wetu wa kumalizia tuko watatu, na badala ya kubuni brendi ya kampuni ya kufikirika tukaamua tubuni ya kwetu wenyewe, ya ile studio tunayosema kila siku tutafungua tukimaliza. Jina silitaji, bado tunabishana. Vya kuprinti vilikuwa bizinesi kadi, letahedi, bahasha, stika, na kijitabu cha kuonyesha kazi zetu. Kwenye skrini vilikuwa vinameremeta aisee, tulishaviweka kwenye zile picha za kuigiza, kadi imelala juu ya marumaru na kivuli chake pembeni, mwalimu akatusifu, tukajiona tumemaliza. Kumbe hata hatujaanza.

Kabla ya hawa tulipita kwa wengine kwanza, hao siwataji. Wale spidi yao ilikuwa ya ajabu, faili nimetuma asubuhi na kabla ya jua kuzama kadi ziko mkononi, hakuna aliyeuliza chochote. Nikafungua boksi nikadhani nimepewa za mtu mwingine. Bluu yetu imegeuka zambarau, ile ya kuiva kabisa, na ukingoni mwa kila kadi upande mmoja kuna kauzi cheupe kama kope, kadi hii kembamba na ile kanene. Nikalalamika nikajibiwa ndivyo ulivyoleta. Na kweli ndivyo nilivyoleta! Hiyo ndo iliyoniuma zaidi, kwamba hawajadanganya, wamechapa ujinga wangu vilevile ulivyo bila hata kunikonyeza.

Sasa hawa wa pili niliambiwa na mwenzangu mmoja wa darasani, akasema wasumbufu lakini nenda. Ni sehemu ya kawaida tu, kaunta mbele, nyuma kuna mashine mbili za dijitali, ofseti moja ya rangi nne, yaani mashine kubwa ya kuchapa kwa pleti, gilotini kubwa ya kukatia karatasi, na kwenye kona pana meza ya fundi mmoja ambaye kazi yake ni kufungua mafaili ya watu kabla hayajaingia mashine. Hiyo meza ndo sababu ya mimi kuandika haya yote. Huyo fundi ni mtu wa maneno machache, hana salamu ndefu, ana kikuzio kidogo cha kuangalia matone ya wino kinaning'inia shingoni kama filimbi ya refa, na kama refa kweli kazi yake ni kusimamisha mchezo.

Mara ya kwanza hatukufika hata dakika tano. Logo niliyompa ilikuwa JPEG, tena iliyopita WhatsApp, maana faili halisi lilikuwa kwenye laptop ya mwenzangu na yeye yuko safarini. Akaivuta kwenye skrini mpaka ikawa ngazi ngazi, hajasema neno, ananiangalia tu. Halafu akanipigia hesabu ambayo sijaisahau: picha ya pikseli 1600 kwa upana, ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata sentimita 13 na nusu, basi, ukitaka ijae A4 ya kusimama yenye sentimita 21 unahitaji pikseli 2480. Logo haitakiwi kuwa picha kabisa, iwe vekta, iwe mistari ya hesabu inayoweza kuwekwa kwenye kalamu au kwenye ukuta bila kuchanika. Hii nilikuwa naijua! Nimefanyia mtihani nikafaulu. Ila kuijua darasani na kuikumbuka siku unakimbizana na muda ni vitu viwili.

Cha pili alichonionyesha siku hiyohiyo ni bluu. Nilikuja na zile kadi za zambarau nikitegemea anionee huruma awalaumu wale wa kwanza, akaangalia namba zetu akacheka kidogo. Tulichora kwa RGB, rangi za mwanga, na skrini inawasha bluu ambayo wino hauna uwezo wa kuifikia, kwa hiyo programu ilipobadilisha kwenda CMYK, yaani wino nne za kuchapia, siani (bluu mpauko), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, ikakisia, ikaweka siani karibu 100 na majenta karibu 100, na hizo mbili zikilaliana kwenye karatasi zinatoa zambarau, haina mjadala. Akasema ukitaka ibaki bluu acha nafasi ya kama asilimia 30 kati ya siani na majenta, majenta iwe chini. Akaandika 100 na 65 kwenye karatasi, akachapa kipande kidogo pembeni ya kazi ya mtu mwingine, akanikatia. Ilikuwa bluu. Si ile ya skrini lakini ni bluu ya watu wazima, na mpaka leo ndo bluu yetu, kile kipande bado kimebanwa kwenye daftari langu.

Na ule uzi mweupe ni blidi. Nilikuwa nimeishia rangi pale pale kadi inapokatwa, milimita 85 kwa 55 kamili bila ziada, sasa gilotini inakata rundo la karatasi kwa mkupuo mmoja na karatasi zinasogea kidogo, lazima zisogee, hakuna mashine isiyoteleza hata robo ya milimita. Unatakiwa uipeleke rangi milimita 3 nje ya mstari kila upande ili kisu kikikosea kikosee ndani ya rangi. Na maandishi nayo uyavute ndani kiasi hichohicho. Tukaenda nyumbani.

Mara ya pili nilikuja kifua mbele. Vekta, CMYK, blidi ya milimita 3, alama za kukatia, fonti nimezigeuza maumbo, PDF safi. Akafungua, akanyamaza, akafungua kile kidirisha cha Acrobat, programu ya kufungulia PDF, kinachokuruhusu kutazama kila wino peke yake. Akazima wino mweusi. Maandishi yetu ya letahedi, yale madogo ya anwani na simu, yalibaki palepale! Yamefifia tu yana rangi kama ya tope. Maana yake ule weusi wetu haukuwa wino mweusi, ulikuwa mchanganyiko wa rangi zote nne, kwa sababu kwenye RGB tulichukua nyeusi ya kawaida na ilipogeuzwa ikajigawa kwenye wino zote.

Mimi nikauliza, sasa tatizo nini si itakuwa nyeusi zaidi? Hapo ndo akavua kikuzio shingoni. Akachukua karatasi ya kazi fulani iliyoharibika akanionyesha herufi ndogo ilivyochapwa kwa wino nne, nikaweka jicho. Herufi ina vivuli, upande mmoja ina ukungu wa majenta na upande wa chini ina mstari wa siani, kama unaangalia mtu baada ya kuzunguka sana. Kila wino una pleti yake, lile bamba lenye mchoro, na kila wino unafika kwenye karatasi kwa wakati wake, zikipishana hata kidogo sana, rejista ikayumba, kitu kikubwa hakionyeshi lakini herufi ya pointi 7 inaota ukungu. Maandishi madogo ni wino mweusi peke yake, asilimia 100, zingine sifuri. Akasogeza kikuzio kwenye picha iliyokuwa pembeni na hapo jamani nilikaa dakika kadhaa, watu wanasubiri nyuma yangu. Uso wa mtu kwenye ile picha ukiukaribia hauna uso, ni vidoti tu, vya siani, majenta, njano na vyeusi, vimepangwa kama vijiua vidogo vidogo. Kila rangi vidoti vyake vimelazwa kwa pembe yake, kwa kawaida siani 15, majenta 75, nyeusi 45, njano 0, ili visigongane vikatengeneza yale mawimbi mabaya. Miaka mitatu nasoma somo la rangi sikuwahi kuwekewa jicho kwenye kidoti.

Kwenye faili hilohilo akakuta bomu lingine, hili la mwenzangu na nitamsema hata akinuna. Jalada la kijitabu ni jeusi lote, yeye akatafuta nyeusi nzito kuliko zote akachukua ile swachi, yaani rangi iliyo tayari kwenye programu, inayoitwa Registration, akaona ina 100 kila sehemu akafurahi. Ile si rangi ya kupaka! Ni ya alama za kusawazishia pleti tu. Ukiijaza ukurasa mzima unakuwa na wino asilimia 400, karatasi inalowa, haikauki, shuka ya juu inaichafua ya chini yake, na rundo zima linagandana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Fundi akasema kwenye karatasi yao ya kung'aa wanakomea 300 hivi, na kwa jalada akatupa mchanganyiko wa siani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100. Jumla 240, na ni nyeusi kama usiku. Tukaenda nyumbani tena.

Mara ya tatu ndo ile iliyonifanya niwe mteja wao wa kudumu. Faili lilikuwa zima kabisa kwa macho yangu, na kwa macho ya wenzangu wawili, na ya mwalimu. Jioni simu inaingia, fundi, anauliza "mdogo wangu, hii kadi upande wa nyuma mnataka iwe tupu?" Nikamwambia hapana kaka, kuna logo nyeupe katikati. Akasema njoo uione.

Nikaenda. Akawasha ovaprinti kwenye skrini na logo ikatoweka, pooo, imebaki bluu tupu. Ilikuwaje: mwanzoni logo ilikuwa nyeusi na tuliiwekea amri ya ovaprinti, yaani ichapwe juu ya rangi ya chini bila kuitoboa, kwenye nyeusi hiyo ni kawaida na inasaidia. Baadaye mmoja wetu akaibadilisha kuwa nyeupe akasahau kuitoa ile amri. Sasa nyeupe si wino. Nyeupe ni karatasi inayoachwa. Ukiiambia mashine chapa nyeupe juu ya bluu bila kutoboa bluu, mashine inachapa hakuna juu ya bluu. Kwenye skrini ya kawaida unaiona nzuri kabisa, inakudanganya mpaka mwisho. Wale wa kwanza wangetuletea kadi mia mbili zenye mgongo mtupu na kutuambia ndivyo mlivyoleta.

Sasa hapa niseme jambo kuhusu brendi maana ndilo lililonishangaza, kwamba mtu wa mashine ndiye aliyetunyooshea logo na si darasa. Logo yetu ilikuwa na mistari myembamba sana kama nywele, imezungushwa kwenye duara, na ndani yake rangi inafifia kutoka bluu kwenda kama kijani. Tuliipenda. Fundi hakusema mbaya. Alichofanya akaiprinti mara tano kwenye shuka moja, ya kwanza kubwa ya sentimita 8, ikashuka, ikashuka, mpaka ya mwisho milimita 8, akaiweka mezani akaendelea na kazi zake. Ya milimita 8 ilikuwa kidonda. Mistari imeshikana, kule kwenye kufifia kumekuwa na vumbi, na toleo jeupe juu ya bluu ndo kabisa, wino umetambaa ukameza mistari yote, maana kidoti cha wino kikigusa karatasi kinatanuka, na sehemu nyeupe zinazozungukwa na wino ndo zinaliwa kwanza.

Tulirudi tukakaa siku mbili tunagombana. Mwishoni tukatoa mistari 7 tukabakiza 3, minene yote, hakuna kufifia, rangi moja. Rangi moja! Hapo mwanzo ungeniambia logo ya rangi moja ningekwambia umeishiwa. Ila logo hiyo inakaa kwenye mhuri, inachongeka, inaingia kwenye stika ya kipenyo cha sentimita 2, na siku hela imekata tunaprinti kwa wino mweusi peke yake na bado ni sisi.

Kisha ikaja habari ya Pantone, ile kampuni yenye mfumo wa namba za rangi, na hapa nilijifunza kuwa kuandika namba ya rangi kwenye mwongozo wa brendi ni nusu ya kazi tu. Ule mfumo wao upo tangu 1963 na wazo lake ni rahisi, badala ya kutengeneza bluu kwa vidoti vya wino nne, unachanganyiwa wino mmoja wa bluu ileile kwenye kopo kama rangi ya ukutani, na mchapaji yeyote mwenye kitabu cha swachi anajua unamaanisha ipi. Lakini namba ileile ina C na ina U mwishoni. C ni kwa karatasi iliyopakwa, ile laini, wino unakaa juu. U ni karatasi isiyopakwa kama ya letahedi, inafyonza. Wino ni uleule mmoja na bado ukiziweka sambamba, C inawaka na U imepauka kama nguo iliyofuliwa mara hamsini. Kadi yetu ni C, letahedi ni U, kwa hiyo ukitumia namba moja unapata bluu mbili. Akanifungulia kitabu akaniambia sahau namba, tafuta kwa jicho kwenye kurasa za U ile inayofanana na C yako. Tukaishia na namba mbili tofauti kwenye mwongozo ili macho yaone rangi moja. Mwalimu akaniuliza kwa nini kuna namba mbili, nikamweleza, akaandika pembeni.

Kijitabu nitapita haraka. Tulileta kurasa 18, na kitabu cha kubana pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, maana kila shuka ukiikunja inazaa kurasa nne, kwa hiyo ama 16 ama 20. Ukikunja makaratasi matano matupu mezani ukayaandika namba kwa penseli unaelewa kwa dakika moja kitu ambacho sleidi hazikunielewesha muhula mzima. Jalada la gramu 300 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) lazima lipigwe mfuo, ule mstari wa kukandamizwa, kabla ya kukunjwa na mkunjo ufuate nyuzi za karatasi, la sivyo wino unapasuka kwenye uti na weupe unachungulia. Wao walipiga mfuo bila kuambiwa.

Kuhusu mashine gani itumike, walikuwa wakweli kwa namna sikuitegemea. Nilitaka kila kitu kwenye ofseti kwa sababu nilisikia ofseti ni bora. Dada wa kaunta akanikatalia hapohapo, kadi mia mbili unataka tutengeneze pleti nne, tufunge mashine, tuharibu shuka kadhaa za kusawazisha rangi, kwa ajili ya boksi moja? Dijitali haina pleti, kadi ya kwanza na ya mia mbili gharama yake ni ileile, ofseti inaanza kulipa ukiwa na maelfu. Wangeweza kunyamaza wakala hela. Ni letahedi tu ndo ilienda ofseti kwa sababu ya ule wino wa kopo, na walitusubirisha mpaka wakapata kazi nyingine ya bluu ya kuunganisha nayo.

Siku hiyo ya letahedi fundi wa ofseti, huyu ni mwingine, mcheshi, alinisimulia huku anafuta ule mpira wa kwenye silinda. Kwamba chanzo chake ni jiwe, Mjerumani Alois Senefelder mwaka 1796 aligundua kuwa ukichora kwa mafuta kwenye jiwe ukalilowesha maji, wino unashika penye mchoro tu maana mafuta na maji hawapatani, na mpaka leo pleti ya ofseti inafanya kazi hivyohivyo. Na ule mpira uliingia kwa ajali. Mmarekani Ira Rubel, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, karatasi ilikosa kuingia mashineni, mchoro ukagandia kwenye mpira, karatasi iliyofuata ikachapika pande mbili, na akaona upande uliotoka kwenye mpira ni mkali kuliko uliotoka kwenye pleti. Nikamwambia kumbe na nyie mnaishi kwa makosa, akacheka akasema ila yetu tunayaona kabla hayajafika kwa mteja.

Haya, sasa ile nyota.

Kwanza wanachelewa. Waliniambia siku tatu ikawa sita, na hakuna aliyepiga simu kusema. Fundi wa mafaili anapiga simu akikuta kosa lako, ila kosa likiwa la kwao simu zinakuwa hazina chaji. Mimi nilikuwa na siku ya kuwasilisha mradi, ningekuwa na mteja wa kweli ningeshaaibika.

Pili, prufu, yaani nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa. Walinipa prufu ya letahedi iliyotoka kwenye mashine ya dijitali, nikasaini, halafu kazi yenyewe ikaenda ofseti kwa wino wa kopo, na vitu viwili hivyo havifanani na haviwezi kufanana. Niliposema wakasema prufu ni ya maandishi na mpangilio, si ya rangi. Sawa, lakini mlitakiwa kuniambia kabla sijasaini. Halafu prufu yenyewe unaitazama chini ya taa ya chumba iliyo njano njano, wakati watu wa rangi wana taa yao maalum ya kelvini 5000, hapo ndipo rangi inatazamwa. Nilichukua karatasi nikatoka nayo nje kwenye mwanga wa mchana, dada wa kaunta ananifuata akidhani nakimbia nayo.

Tatu, laminesheni, ule utando wa plastiki unaobandikwa juu ya kadi. Wao wanasifia sana ile ya mati inayoshikika kama ngozi ya embe, na kweli ukiishika raha, ila hakuna aliyetuambia kwamba kwenye rangi nzito inabeba alama za vidole vibaya mno, na kwamba kalamu ya kawaida haiandiki juu yake. Sisi tulipanga kuandika kwa mkono nyuma ya kadi jina la mradi na tarehe. Wino unateleza, ukipitisha kidole umeenda. Hilo ni swali la kumuuliza mteja kwenye kaunta, je mtaandika juu yake? Tunaishi na kalamu za rangi ya mafuta sasa.

Na kundi moja la stika lilikatwa limesogea kama milimita moja na nusu, duara limekaa upande kama kofia ya mlevi. Hili walilirudia bila ubishi na bila kuchaji, kwa hiyo silihesabu, nalitaja tu.

Kwa nani panafaa? Kama una faili lako safi, una haraka, unataka vipeperushi vya kesho asubuhi, usiende, utapata presha. Kama ni mwanafunzi au ndo unaanza studio na hujawahi kuona kazi yako ikiwa wino, nenda. Ila usitume faili kwa meseji ukakaa nyumbani, hapo utapata ninyi-ndo-mlivyoleta ya kila mahali. Nenda mwenyewe, nenda asubuhi kabla mashine hazijawaka maana kelele zikianza hamsikilizani, na usiishie kwa dada wa kaunta, mwombe akupeleke kwenye ile meza ya kona. Beba faili halisi na si PDF peke yake, wanaweza kurekebisha vitu vidogo palepale. Ukiulizwa karatasi usiseme "nzuri", sema gramu, na kama hujui gramu omba ushike. Mimi nilishika mbalimbali, 80 ya letahedi, 300 ya jalada, 350 ya kadi, sasa hivi nikipewa kadi ya mtu nainyonganyonga kwanza kwa vidole kabla ya kusoma jina, wenzangu wananiona nimechanganyikiwa.

Wiki iliyopita nimewapelekea faili la nne, bahasha. Nikakaa na simu mkononi jioni nzima nasubiri ile "mdogo wangu". Saa moja usiku ikaja meseji ya maneno matatu, inaingia mashine kesho. Nikawaonyesha wenzangu, mmoja akauliza ana uhakika ameifungua kweli? Nikampigia fundi kumuuliza. Akasema nimeifungua, na mfuniko umeuchora upande wa gundi, nimekugeuzia.